Maneno Niliyoyabakiza Bukavu

Gisenyi, Jumapili, baada ya alasiri

Baba yangu,

Juzi nilikuja kaburini. Niliwasalimu wote waliolala pale kama ulivyonifundisha, nikasoma Fatiha, nikang'oa majani mawili matatu yaliyoota upande wa miguu yako, halafu nikasimama tu. Nilikuwa nimekuja kukuambia jambo, na mdomo ulikataa. Mwenye kutunza makaburi alinitazama kwa huruma, nadhani aliona kijana aliyeishiwa na dua. Nikarudi nyumbani.

Leo nimekaa kwenye meza yako ya kukatia nguo, nina karatasi nne nilizoomba ofisini. Unajua nilivyo. Wewe ndiye uliyenifanya hivi. Nilipokuwa mdogo nikikushikia daftari, ulikuwa ukimaliza kupima tumbo la mteja unaniletea futi mbele ya macho, kidole kikiwa juu ya namba, unaninong'oneza, "Andika, usitamke." Mteja akitoka unanieleza kwamba mwili wa mtu si wa kutangaza barazani. Basi, Baba, naandika.

Nianze na yaliyo mepesi. Mvua imewahi mwaka huu. Ofisini kwetu bandarini bado naandika hati za mizigo, na mkubwa wetu bado anasema mwandiko wangu ni wa msichana. Yule mchuuzi wa viazi kutoka Bugeshi, mteja wako tangu nikiwa mdogo, alikuja kuulizia koti lake la kile kitambaa kizito cha kijivu ulichomchagulia. Akasimama ngazini akauliza, "Fundi iko wapi?" Nilipomwambia alivua kofia, akakaa chini pale pale kwenye ngazi, na magunia yake yako barabarani. Baadaye nikamrudishia kitambaa. Akakataa. "Kiache kwake," alisema. "Mi nilimupatia yeye." Kimekaa juu ya kabati tangu siku hiyo.

Mama mdogo Zaina alitoka eda Alhamisi iliyopita. Alikaa siku zote bila kupunguza hata moja, na nguo zake nyeupe, na hakuvuka kizingiti. Nakuambia hili kwanza ili ujue, kwa sababu wako waliosema kwamba eda ile haikuwa yake.

Ni Baba mkubwa Hamisi. Usimkasirikie, utaona mwisho. Lakini siku ya arobaini yako, watu wamekwisha kula, alisema mbele ya wazee wa msikiti na mbele ya wanawake waliokuwa wakikusanya sahani: "Zaina anakaa eda ya mume gani? Ndugu yangu alihama chumbani kwake mwaka na zaidi kabla ya kufa. Alilala na cherehani. Mtaa mzima unajua. Mume akihama na hasemi kwa nini, amekwisha kuacha, ila alikuwa mpole mno kulitamka." Akasema eda ikiisha familia itakaa Ijumaa, na Zaina atarudi Goma kwa kaka zake, arudi kama mwanamke aliyeachwa, asijiite mjane wa mtu. Wanawake bombani walilichukua neno lile siku hiyo hiyo. Wakaanza kumwita mke wa cherehani. Alikuwa ndani, Baba, hawezi kutoka kujibu. Walisema kwa sauti ili apate kusikia dirishani.

Nami nilikuwa nimesimama na birika la maji ya kunawia mikono. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kwa nini ulihamia chumba cha cherehani. Nilimimina maji.

Ulikuwa umeniapisha. Nakumbuka mahali penyewe, kwenye ile njia ya miguu tunashuka kutoka Bugeshi, ukungu umeshuka, wewe umebeba ile dawa ya unga kwenye kipande cha gazeti. Ulisimama, ukajifanya unatoa jiwe kwenye kiatu, ukasema, "Mama yako mdogo asijue. Mke wangu akijua, nitabaki na nini?" Nikaapa. Wakati ule niliapa haraka sana, kwa sababu kuapa kulinisaidia mimi pia.

Sasa nifike Bukavu.

Unakumbuka tulivyokwenda. Meli ilikuwa imejaa, na wewe, mtu uliyezaliwa hatua mia kutoka ziwani, ulitapika njia nzima mpaka kisiwa cha Idjwi. "Nimepimia watu wa maji suruali miaka thelathini," ulisema, "sijui wanasimamaje." Ulikuwa ukicheka, lakini kila nusu saa ulikwenda nyuma ya meli kujaribu kukojoa na kurudi umeuma meno. Mambo yale yalikuwa yamekuchosha muda mrefu kabla hujaniambia. Hospitalini walikupima siku tatu. Siku ya nne daktari alituita wawili. Mwuguzi anayetafsiri alikuwa wodini, na daktari akasema hapana haja ya kumwita, kijana huyu Kifaransa chake ni safi.

Nilifurahi, Baba. Lazima niandike na hilo. Ulinitazama kwa fahari, kwa sababu ni wewe uliyenipeleka shule ya mapadri Nyundo wakati Baba mkubwa anapiga kelele kwamba watanibatiza, na ulimjibu, "Akirudi na Kifaransa, inatosha." Na sasa Kifaransa chenyewe kilikuwa kimekaa kati yako na daktari.

Nusu ya kwanza niliifikisha vizuri. Kwamba kuna kansa kwenye tezi iliyo chini ya kibofu, tezi ambayo wanaume wote wanayo. Kwamba bado ni ndogo. Kwamba anaweza kukupasua. Ulikuwa ukitikisa kichwa kila sentensi kama mtu anayesikiliza vipimo. Kisha daktari akavuta kiti karibu, akapunguza sauti, akasema nusu ya pili. Ilikuwa ndefu. Aliisema polepole, akinyamaza kila mara ili nitafsiri, na kila mara nilimwambia aendelee, nitakuambia yote pamoja.

Alipomaliza niligeuka kwako nikasema: "Daktari anasema baada ya kupasuliwa utakuwa na uchovu wa muda mrefu."

Ukacheka. "Uchovu? Fundi gani hachoki?" Ukachukua kalamu ukaandika jina lako kwenye karatasi ya idhini kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kutoka kulia. Daktari alinitazama mimi, si wewe. Akauliza kama ni hivyo tu, kama mzee hana swali. Nikasema hana swali.

Ile nusu ya pili nitaiandika. Nimeahidi nafsi yangu kwamba sitaifunga barua hii bila kuiandika. Ila si sasa hivi.

Ulipona kidonda. Ulirudi kazini kabla ya siku walizosema. Mkojo ulikuwa ukikuvuja kidogo, ukajishonea mwenyewe vitambaa vya ndani, na hukumwambia mtu. Halafu asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai kabla ya kwenda ofisini, wewe uko kwenye cherehani umenipa mgongo. Ukaniuliza, miguu ikiendelea kukanyaga, "Ule uchovu aliosema daktari. Ni wa mwili wote, au huchagua mahali?"

Nikajibu, "Wa mwili wote, Baba. Utaisha."

Miguu yako haikusimama. Lakini niliponyanyuka kuweka kikombe, niliona kwamba chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Pale ningeweza kusema. Ilikuwa asubuhi, tuko wawili. Nilichukua kofia yangu nikaenda kazini.

Baada ya hapo ulianza kutafuta dawa ya uchovu ule, na ukanichukua mimi kama mwenzako, kwa sababu ulidhani mimi nami sijui chanzo chake. Kwanza maalim alikuandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ukaziosha kwa maji ya mvua ukanywa siku saba. Ukasema moyo umetulia ila hakuna kingine. Kisha yule mzee wa Bugeshi na unga wake, wa kunywa katika uji wa mtama, naye alikuuliza mbele yangu bila haya maswali ambayo mimi nilishindwa kukuambia majibu yake. Nilitoka nje nikahesabu ng'ombe wake. Kisha maganda ya mti kutoka msitu wa Masisi, machungu hata ukatokwa na machozi, ukasema, "Karani wangu, dawa hii ikinishinda kuniponya, itanifaa kutia nguo rangi."

Halafu ikawa Goma. Mtu wa sindano, kwenye chumba nyuma ya soko. Alisema ni dawa ya Ulaya, hata watawala wanaitumia wakizeeka. Ulinipa kichupa ukasema, "Nisomee." Nikakusomea. Nilisoma neno refu la Kifaransa nililokuwa sijalijua, nikasoma jina la mji kilikotoka, nikasema, "Naona ni dawa safi, Baba, ina lebo." Akakuchoma sindano. Tulikwenda mara tano au sita. Kila mara ulirudi mpakani unatembea wima, una matumaini, unasalimia watu. Wiki moja. Kisha unainama tena.

Ulipoona haikusaidia, ulihamisha godoro. Ulisema mgongo unataka sakafu ngumu, na Mama mdogo akakubali kwa sababu kweli mgongo ulikuwa umeanza kuuma. Na mgongo ule ndio uliokuondoa. Yale maradhi yalikuwa yameingia mifupani. Sitaandika miezi ya mwisho. Uliiona mwenyewe.

Nilimwandikia daktari ukiwa bado hai. Hukujua. Alikuwa amekwisha kurudi kwao Ubelgiji, lakini yule mwuguzi wa Bukavu alinipa anwani. Niliandika kama ninavyoandika barua za ofisi, rasimu tatu, nikauliza kama kuna tiba yoyote kwa mtu aliyepoteza nguvu za kiume baada ya kutolewa tezi. Sikusema mtu huyo hakuambiwa. Jibu lilikuja mwezi wa tatu baada ya kukuzika. Karani mwenzangu alinipa bahasha huku anacheka, "Yewe, umepata mchumba Ulaya?" Nikaenda kuisomea nyuma ya ghala.

Nakusomea yaliyomo, maana ni yako.

Anasema mishipa ile ikikatwa ni nadra ijiunge. Mwaka wa kwanza mtu anaweza kungoja, wa pili matumaini ni haba. Anasema vipo vyombo vinavyouzwa kwao, vya mpira na waya, mwanamume anavivaa kwa nje vikamshikilia, na wako wanaovitumia wakaridhika, ila hajui kama posta ingevifikisha huku. Wapo wapasuaji wachache sana wanaojaribu kuingiza ndani kipande cha gegedu la ubavu au kijiti cha plastiki. Mara nyingi mwili hukikataa, kidonda kinaoza, hamshauri mtu. Nilisoma haya nikifikiri ungesemaje. Ungeuliza kile chombo kinashonwaje. Ungetaka kujaribu kukishona mwenyewe.

Kuhusu sindano aliandika na kupiga mstari chini. Kwamba homoni ile huchomwa watu wengi wenye udhaifu, lakini kwa mtu aliyekuwa na kansa ya tezi ni kutia kuni kwenye moto, na nihakikishe hakuna mtu anayemchoma baba yangu. Na jina la homoni ni lile neno refu nililokusomea kwenye kichupa.

Sijui, Baba. Daktari hasemi kwamba ndiyo iliyokuua. Huenda maradhi yangekwenda mifupani vyovyote. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini kama ungejua kwamba hakuna uchovu wa kuisha, usingekwenda Goma kuutafutia dawa. Wala nisingekusomea lebo ile.

Chini kabisa aliandika mistari michache kwa mkono wake, si kwa mashine. Kwamba kilicho bora kuliko vyote hivyo ni mume na mke waambiwe pamoja, mapema, kwa sababu mwili uliobaki bado una hisia na mapenzi hayatolewi na kisu. Kwamba amewaona wanaume wengi wakiwapoteza wake zao kwa kunyamaza. Na kwamba anamkumbuka baba yangu, yule fundi, kwa sababu yeye daktari alishangaa jinsi mzee alivyokubali upesi.

Nilikaa na barua ile mfukoni wiki tano. Ofisini nikisikia jina langu nashtuka kama mwizi. Eda ilikuwa inaelekea mwisho, Baba mkubwa amekwisha kumwambia mwenye lori aje Jumamosi kuchukua vyombo vya Mama mdogo. Jumanne jioni, baada ya magharibi, nilikwenda kukaa kizingitini kwake nikamwambia. Nilikuwa nimekuapia, na nimevunja kiapo. Nilimwambia yote, la tezi, la kisu, la kwamba kuhama kwako hakukuwa chuki. Nilimwambia pia nilichokifanya mimi Bukavu.

Alikuwa akichagua mchele, na aliendelea kuuchagua. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya Goma:

"Juu ya nini hukuniambia? Mi nilikuwa naoga, napaka mafuta, nangojea mulangoni kama mugeni. Nilisema pengine nanuka. Nilienda hata kwa dada yangu, nikamuuliza, dada, nanuka?"

Nilitaka kusema samahani. Akanikatiza.

"Mi sikumuomba kitu kikubwa, Yusufu. Ningetaka tu mugongo wake pale."

Akaonyesha kitandani kwa mkono uliojaa mchele. Hapo ndipo alipolia.

Nilimwambia Ijumaa nitasimama mbele ya Baba mkubwa na wazee, nisome barua ya daktari neno kwa neno, ili ajulikane ni mjane. Akageuka mkali kama sijapata kumwona. "Usimuvue nguo mume wangu mbele ya Hamisi. Mi nitaenda Goma. Nitaenda na jina lolote watanipa. Lakini usimuvue nguo."

Nifanye nini basi? Nikisema, nakuvua wewe. Nikinyamaza, anafukuzwa yeye. Nilitembea mpaka ufukweni nikarudi, mara mbili, na kichwa changu chote cha shule hakikunipa hata neno moja.

Ni Mama mdogo mwenyewe aliyemwita Bi Mwamini asubuhi yake. Bi Mwamini, somo yake, yule aliyemfunda alipokuja kuolewa na wewe, na ambaye ulikuwa ukimwogopa. Alifika na fimbo yake, akamsikiliza Mama mdogo mlango umefungwa, akatoka nje akanikuta nimesimama uani. Sijapata kutukanwa vile.

"Ninyi wasomi! Nyumba hii ina somo tangu siku ya harusi. Maneno ya kitandani yana njia yake, hayapiti mdomoni kwa mtoto wa mtu. Mzungu hajui, lakini wewe umezaliwa humu! Ungemwambia, Bwana daktari, ngoja mpaka kesho. Ungetoka ukaenda msikiti wowote Bukavu, ukamshika mzee wa umri wa baba yako, ukamnong'oneza Kiswahili, yeye akaenda akakaa na baba yako. Uso wa nani ungeanguka?"

Baba, ilikuwa rahisi hivyo. Msikiti ulikuwa njiani. Tuliswali humo adhuhuri ile ile, kabla ya kuitwa, na mzee mmoja aliyekuuzia kofia alikaa na wewe akakutania mpaka mkafanya urafiki. Yeye angeweza. Mimi nilidhani kwa sababu Kifaransa kilikuwa changu, basi maneno nayo ni lazima yapite kwangu peke yangu.

Bi Mwamini akaniuliza jambo moja tu la mwisho, kama nina hakika na nilichomwambia Zaina. Nikamwonyesha barua. Hakuitazama. Akajifunga kanga, akaenda kwa mke mkubwa wa Baba mkubwa.

Siku mbili zile sikufanya lolote. Sikuweza. Maneno yalikuwa yanakwenda kwa miguu ya bibi kizee, kutoka kwake kwenda kwa mke, kutoka kwa mke kwenda kwa mume, na mimi mwenye lugha tatu nilikuwa sijui yamefika wapi, wala kama yatafika mazima. Mama mdogo alifunga vyombo vyake. Alikunja hata ile mikeka.

Ijumaa baada ya swala Baba mkubwa alikuja na wazee wawili. Nilileta kahawa ya tangawizi, nikamwaga nyingine kwenye kanzu ya mzee mmoja, akanifokea. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti chako. Alikizungusha kikombe, akakizungusha. Mama mdogo alikuwa nyuma ya pazia na tuliuona ukingo wa nguo yake.

Akasema, "Nimewaita bure. Zaina ni mjane wa ndugu yangu. Atakaa hapa nyumbani kwa mumewe."

Mzee aliyemwagiwa kahawa akauliza, "Na yale uliyoyasema siku ya arobaini?"

"Nilisema nisichokijua."

Wakanywa, wakaomba dua, wakaondoka. Yeye alikawia ngazini akitafuta viatu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yake. Akaweka mkono begani kwangu, hakunitazama. "Alikuwa akinitania kila siku," alisema. "Eti nina wake wawili na simmudu hata mmoja. Mwaka ule akaacha kunitania. Mimi nikadhani ananidharau." Alivaa kiatu kimoja. Halafu akauliza, taratibu, "Yeye mwenyewe alijua?"

Sikumjibu, Baba. Akavaa kiatu cha pili akaenda.

Kwa hiyo sasa wanajua. Mama mdogo anajua, Bi Mwamini anajua, Baba mkubwa na mke wake mkubwa wanajua. Nyumba mbili, na wote wamefunga midomo, lori limerudishwa. Mwenye mwili peke yake ndiye asiyejua. Kwa hiyo hii hapa ile nusu ya pili. Nimeikumbuka kila siku, sijapoteza hata neno. Daktari alisema:

"Mwambie baba yako kwamba naweza kuitoa tezi yote. Nikiitoa, huenda ugonjwa ukaondoka nayo, na huenda usiondoke. Lakini mishipa inayompa mwanamume nguvu inapita pale pale, na sitaweza kuiokoa. Hataweza tena kuwa na mke wake kama zamani, na dawa ya kumrudishia sina. Naweza pia kuiacha, nikafungua njia ya mkojo tu, akaishi mzima kwa upande huo kwa muda alioandikiwa, na muda huo siujui. Mwili ni wake. Mwulize anataka lipi. Nitafuata atakalosema."

Ndiyo hayo. Mwulize anataka lipi. Sikukuuliza.

Nimesema siku zote kwamba ilikuwa haya, na ni kweli mtoto hamwambii baba yake maneno yale. Nilimwambia hivyo Mama mdogo, na Bi Mwamini aliamini. Lakini haikuwa haya tu. Mimi nakujua. Niliogopa ungesema acha. Ungesema nifungulieni njia nirudi nyumbani kwa mke wangu. Nilikuwa nimekwisha kumzika mama, nilikuwa naogopa kubaki peke yangu, na nilichagua kwa ajili yako kwa sababu nilikutaka uishi. Nikapata miaka miwili. Ilikuwa miaka yako, na sikukupa raha ndani yake.

Siwezi kurekebisha. Najua kuandika hivi ni kuchelewa. Kuna mambo machache tu ninayoweza kukuahidi. Mwuguzi wa hapa kwetu huniita wakati mwingine nimtafsirie wagonjwa wanaotoka mlimani. Neno nitakalopewa nibebe, nitalifikisha zima, na lile ambalo halifai mdomoni mwangu nitalitafutia mtu ambaye mdomo wake unafaa, hata kama daktari atangoja mpaka kesho. Mama mdogo sitamwacha. Asubuhi hii alifungua vyombo, akaondoa shuka juu ya cherehani, akanituma nishushe kile kitambaa cha kijivu. Ameanza kulikata koti la mtu wa Bugeshi. Anatumia vipimo vyako kwenye daftari, na ameniuliza namba moja ambayo mwandiko wangu wa utotoni haukusomeka. Nilimwonyesha kwa kidole.

Na lingine. Ijumaa ijayo nitakuja na barua hii. Mara moja tu sitafuata ulivyonifundisha. Nitakaa upande wa kichwa chako, nihakikishe hakuna mtu karibu, nami nitatamka. Nitayasema maneno ya daktari yote, kwa Kiswahili chetu, polepole kama alivyoyasema yeye, kisha nitakuuliza.

Mungu akulaze mahali pasipo na maumivu ya mgongo, Baba.

Unataka lipi?

Mwanao,
Yusufu